Faili Limegoma: Usiguse Kwanza, Tazama

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye mkutano wa wapiga video na wahariri wa sherehe hapa Morogoro. Wengi hawakufika kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yetu ya kazi, wakaomba niyaweke yote. Nimeyaacha kama nilivyoyasema. Vile nilivyovionyesha kwenye skrini sikuviweka.

Mheshimiwa mwenyekiti, kaka zangu na dada zangu wa kamera, wadogo zangu wa studio, na nyinyi wazazi mliofika kwa sababu video ya harusi ya mtoto haifunguki: habari za mchana?

Mwenyekiti alinipigia simu akasema, "Fundi, njoo utuambie, video ikigoma kucheza kwenye kompyuta tufanyeje." Nikamuuliza imegoma vipi. Akajibu, "Imegoma tu." Nyinyi mnacheka, lakini dukani kwangu hilo ndilo jibu ninalopewa kila siku. Imegoma tu! Sasa ndugu zangu, mtu akienda hospitali akamwambia daktari "naumwa tu", atapewa dawa gani?

Kuna video inayotoa sauti huku skrini ikiwa nyeusi. Kuna inayoonyesha picha, watu wanacheza, na sauti hakuna. Kuna inayokwama-kwama. Kuna isiyofunguka kabisa. Kuna faili lenye jina la harusi ambalo ndani yake harusi haimo wala haijawahi kuwemo. Kila moja ina sababu yake na njia yake, na njia ya moja inaweza kuimaliza nyingine. Ndiyo maana leo nitarudia neno moja mpaka mnichoke: usiguse kwanza, tazama. Video nyingi zinazoletwa kwangu hazijafa. Zinazokufa, nyingi zinafia mikononi mwetu wenyewe, kwa kufomati, yaani kufuta kadi au flashi yote ianze upya, kwa kubadili majina, kwa kupakua vitu tusivyovijua saa sita usiku wakati mteja anapiga simu.

Windows nayo haitusaidii sana. Inakuletea namba, 0xc00d36c4, halafu inasema labda aina ya faili haitambuliki, au herufi za mwisho wa jina si sahihi, au faili limeharibika. Labda, au, au. Mambo matatu tofauti kabisa kwenye sentensi moja. Basi nitayachukua hayo matatu, kwa mpangilio wangu.

La kwanza: kompyuta haielewi kilichomo.

Herufi za mwisho wa jina, mp4, mov, avi, mkv, ni jina la kasha tu. Fikirieni kontena linalopita hapa Msamvu likitoka bandarini Dar es Salaam. Kwa nje yote yanafanana. Ndani moja lina matairi, jingine lina mitumba, jingine lina vioo. Faili la video ni hivyo hivyo. Ndani ya kasha kuna picha zilizobanwa kwa kodeki moja, yaani mbinu ya kubana na kufungua,, sauti iliyobanwa kwa kodeki nyingine, na faharasa inayoeleza kipi kimekaa wapi. MP4 moja inaweza kuwa na picha za H.264, kodeki iliyotoka mwaka 2003 na inayosomwa karibu kila mahali. MP4 nyingine, jina lile lile, ina H.265 ya mwaka 2013. Nyingine ina AV1 ya mwaka 2018. Kompyuta yako inaweza kuijua ya kwanza na kuishangaa ya pili.

Mama mmoja aliniletea kompyuta ya ofisini kwao. Kijana wake yuko Muscat, amerekodi aqiqa ya mwanawe kwa iPhone, akampa jirani anayerudi nyumbani alete mafaili kwenye flashi. Mama akifungua, anasikia watu wakiomba dua, anasikia mtoto akilia, na skrini ni nyeusi. Alikwenda kwanza kwa kijana mmoja wa intaneti kafe. Kijana akabofya jina la faili, akafuta "mov", akaandika "mp4", akamtoza hela. Giza likabaki lile lile.

Jamani, kubadili herufi za mwisho hakubadilishi kilichomo. Ukiandika "mchele" kwenye kontena la matairi, hupati pilau.

Tatizo la yule mama lilikuwa nini? Tangu iOS 11, mfumo wa iPhone wa mwaka 2017, iPhone 7 na zilizofuata zinarekodi kwa H.265 zisipoelekezwa vingine. Apple walikuwa na sababu nzuri: dakika moja ya Full HD kwa H.264 inakula kama MB 130, kwa H.265 inakula kama MB 60. Simu inapumua. Lakini H.265 ina hataza nyingi, yaani haki za waliobuni, na wenye hataza wanataka malipo. Ndiyo maana Windows 10 na 11 mara nyingi haziji nayo ndani. Microsoft anaiuza dukani kwake kama nyongeza, senti 99 za dola, na baadhi ya watengenezaji wa kompyuta wanaiweka wenyewe kabla ya kuuza. Mmewahi kujiuliza kwa nini laptop mbili zenye Windows ile ile, moja inacheza na nyingine haichezi? Jibu ni hilo.

Sauti ya aqiqa ilisikika kwa sababu sauti ilikuwa ya kodeki ya AAC, ambayo kompyuta inaijua. Kwa hiyo mkisikia sauti bila picha, msiseme faili limeharibika. Faili ni zima! Kodeki ya picha ndiyo haipo. Na mkiona picha bila sauti, geuzeni: kodeki ya sauti ndiyo haipo, mara nyingi ni DTS au AC-3 kwenye mafaili ya mkv.

Nilimwekea mama VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani. Akaona mjukuu. VLC inabeba kodeki zake yenyewe ndani, haiiombi Windows chochote. Ilianzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, waliotaka kutazama televisheni kupitia mtandao wa chuo, na mwaka 2001 ikaachiwa kwa leseni huria. Ni bure. Sasa hapa nisikilizeni: ipakueni videolan.org, basi. Msiandike tu "VLC free" kwenye Google mkabofya tangazo la juu. Yupo anayesubiri mbofye hapo.

Ikiwa VLC nayo inaonyesha picha ya kijani au nyeusi, ingieni kwenye mipangilio yake, sehemu ya kodeki, zimeni ule usaidizi wa kadi ya picha, ile chipu ya kompyuta inayochora skrini. Kompyuta kuukuu zenye kadi za picha zenye madraiva, yaani programu za kuziendesha, ya zamani zinapenda kusumbua hapo. Na kama video inacheza huku inakwama-kwama, kabla ya kulaumu faili, ihamisheni kutoka kwenye flashi kwenda kwenye diski ya kompyuta. Flashi nyingi za bei rahisi zinasoma polepole kuliko video ya kamera inavyotaka. Kama bado inakwama, basi ni uwezo wa mashine. Prosesa za Intel zilianza kusoma H.265 kwa chipu yenyewe kwenye kizazi cha 6, mwaka 2015, na ile yenye rangi za biti 10 kwenye kizazi cha 7. Chini ya hapo prosesa inafanya kazi yote kwa mikono, na 4K ya kamera mpya inaizidi. Mashine hiyo haiumwi. Imezeeka.

Mtajuaje ndani ya kasha kuna nini? Ndani ya VLC bonyezeni Ctrl na J. Itawaandikia kodeki ya picha, ya sauti, na vipimo. Au wekeni programu ndogo ya MediaInfo, ya bure, inasoma hata mafaili yasiyofunguka. Mimi sianzi kazi ya faili lolote kabla MediaInfo haijaniambia ni nani huyu. Usiguse kwanza, tazama. Naona mmeanza kuitikia, vizuri.

La pili: faili halikukamilika. Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo vilio vilipo.

Kulikuwa na send-off Kihonda. Kijana wa kamera, mzuri tu wa kazi, alikuwa ameunganisha kamera kwenye umeme kwa adapta ili asihangaike na betri. Bibi harusi anaingia ukumbini, mashangazi wanaingia kwa mbwembwe, wa kamati mmoja anacheza kinyumenyume, mguu unakamata waya. Adapta ikachomoka. Kamera ikazima papo hapo, ikiwa katikati ya kurekodi. Kijana akarudisha waya, akaona faili lipo, akaendelea na faili jipya. Usiku anafika nyumbani, lile la kuingia ukumbini halifunguki. Si kwa VLC, si kwa chochote. Na ukubwa wake GB 14.

Nawauliza wapiga video: faili la GB 14 lisilofunguka, lina kitu au halina kitu?

Tufanye hesabu. Kamera yake inarekodi megabiti 50 kwa sekunde. Gawa kwa 8, ni zaidi kidogo ya MB 6 kwa sekunde, kama GB 22 na nusu kwa saa. GB 14 ni kama dakika 37. Na kweli, maingizo yalichukua muda kama huo, mnawajua mashangazi. Kwa hiyo picha zote zimo. Kinachokosekana ni nini?

Faharasa. Kwenye MP4 na MOV, kamera inapoanza kurekodi inamwaga picha na sauti kwenye kadi mfululizo. Orodha ya kila fremu, yaani kila picha moja moja, imekaa wapi, ina ukubwa gani, inachezwa lini, inashikwa kwenye kumbukumbu ya kamera. Ukibonyeza kitufe cha kusimamisha, ndipo kamera inaiandika orodha hiyo kwenye faili na kulifunga. Mafundi wanaiita moov. Betri ikiisha taratibu, kamera inajua, inafunga faili kwa adabu. Ukichomoa betri, umeme ukikatika kwenye adapta, ukitoa kadi taa nyekundu ikiwaka, moov haikuandikwa. Una dakika 37 za picha na hakuna anayejua fremu ya kwanza inaishia wapi.

Yule kijana alifanya jambo moja la maana sana, pengine bila kujua. Alitoa kadi, akaiweka mfukoni, kazi ya Jumapili akapigia kadi nyingine. Tangu hapo hakuandika kitu juu yake. Hakuifomati. Hakuruhusu Windows "kuirekebisha" ilipomwuliza. Mnakijua kile kiswichi kidogo pembeni ya kadi ya SD? Kisukumeni chini, kadi inafungwa isiandikwe. Kabla ya yote.

Tulitoa nakala ya kadi nzima kwenye diski, tukafanya kazi kwenye nakala. Kisha nikamwomba faili jingine zima kutoka kamera ile ile, kwa mipangilio ile ile: vipimo vile vile, kasi ya fremu ile ile. Kwa nini? Kwa sababu programu ya bure inayoitwa untrunc inalisoma faili zima, inajifunza kamera hii inavyopanga picha na sauti zake, kisha inapita kwenye faili lililovunjika ikitafuta mpangilio huo huo na kujenga faharasa upya. Ukiipa untrunc mfano wa kamera nyingine, au wa kamera hiyo hiyo kwa 4K wakati lililovunjika ni Full HD, unapoteza muda. Video tuliipata. Sauti ilikuwa imepishana na midomo kidogo sehemu za mwisho, tukairudisha kwa mkono kwenye programu ya kuhariri. Mashangazi wote wameonekana, hata yule wa kamati aliyekamata waya.

Baadhi ya kamera zinajitibu. GoPro, kwa mfano, ukiirudishia kadi na kuiwasha, inatambua faili lililokatika na kujaribu kulifunga. Zipo kamera nyingine zinazouliza kama zirekebishe. Kubalini, lakini baada ya kutoa nakala. Nimesema baada.

Na nyinyi mnaorekodi ibada au mihadhara kwa kompyuta kupitia programu ya OBS, kwa nini mnarekodi MP4 moja kwa moja? Umeme wetu tunaujua. Rekodini kwa MKV. MKV ikikatika katikati, inacheza mpaka pale ilipokatikia. Mkimaliza salama, ndani ya OBS ile ile kuna amri ya kuihamishia kwenye MP4, dakika chache tu, bila kupunguza ubora, kwa sababu inabadili kasha peke yake.

Kuna wakati ukubwa unasoma sifuri. Hapo hata jina la faili halikuwahi kuunganishwa na picha zake. Bado msikate tamaa: PhotoRec ya Mfaransa Christophe Grenier, ya bure, inapita kwenye kadi ikitafuta alama za mwanzo wa mafaili bila kujali majina. Sura yake inatisha, maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, lakini nimeiona ikifanya kazi ambayo programu za kulipia zimeshindwa. Sharti ni hili: kinachookolewa kihifadhiwe kwenye diski nyingine, kisirudishwe kwenye kadi hiyo hiyo.

Sasa niwape na hadithi ambayo haikuisha vizuri.

Kipaimara, parokia moja, watoto wengi. Mpiga video alinunua kadi ya GB 256 kwa mtu anayetembeza, kwa bei ambayo hata ya GB 64 halali huipati. Akafurahi. Akarekodi tangu maandamano ya kuingia. Nyumbani: mafaili ya mwanzo yanacheza safi, ya katikati yanafunguka na kukatika, ya mwisho hayafunguki. Majina yapo. Ukubwa upo. Tarehe ipo. Akaniambia, "Fundi, si umesema GB zikiwepo picha zipo?"

Nilisema. Na kwa kadi ya kweli ni hivyo. Kadi ya bandia inasema uongo. Ndani yake kuna kumbukumbu ndogo, tuseme GB 32, na chipu iliyofundishwa kuiambia kamera kwamba ni 256. Kamera inaandika, kadi inasema nimepokea, nimepokea, nimepokea. Kumbe ikishajaa, vinavyofuata inavitupa, au inaviandika juu ya vya mwanzo. Jina na ukubwa vinaandikwa kwenye orodha mwanzoni mwa kadi, ndiyo maana unaviona. Picha zenyewe hazikuwahi kuandikwa mahali popote. Hakuna untrunc, hakuna PhotoRec, hakuna fundi wa Dar es Salaam wala wa Dubai atakayetoa kisichokuwepo. Nilimwambia hivyo, na nilimwonea huruma, lakini nisingeweza kumtoza hela ya matumaini.

Kadi inapimwa siku ya kuinunua. Kwa Windows kuna H2testw, kwa Linux na Mac kuna F3. Zinaijaza kadi yote kisha zinasoma tena kulinganisha. Kadi kubwa inachukua saa nyingi, iacheni usiku. Kuna mtu hapa amewahi kupima kadi kabla ya kazi? Mikono juu. Naona mmoja. Wawili. Wengine mnamwachia Mungu, na Mungu amewapa H2testw.

La tatu: si video.

Mwalimu mmoja mstaafu alileta flashi, faili lina jina la harusi ya bintiye, alama ya folda, ukubwa KB 2. Ndugu zangu, KB 2! Hata barua ya posa inazidi hapo. Ile ni njia ya mkato iliyowekwa na kirusi. Kirusi kinaficha mafaili yako halisi, kinaweka njia za mkato zenye majina yale yale, nawe ukibofya unakiwasha na kukihamishia kwenye kompyuta. Kila kompyuta ya stationery mjini imewahi kukipata. Dalili: bofya kulia juu ya flashi, uangalie nafasi iliyotumika. Ya mwalimu ilisoma GB 7 zimetumika wakati machoni kuna KB 2. Basi harusi imo, imefichwa.

Tulipitisha antivairasi kwanza. Halafu kwenye dirisha la amri, kama flashi ni E, tukaandika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na harusi ikajitokeza. Tukaihamisha, flashi tukaifomati. Hapo ndipo kufomati kuna kazi yake, mwisho, si mwanzo.

Ndugu yake huyo kirusi ni faili linaloitwa harusi.mp4.exe. Windows kwa kawaida inaficha herufi za mwisho inazozifahamu, kwa hiyo unaona harusi.mp4 na unabofya ukidhani ni video. Kwenye dirisha la mafaili, sehemu ya View, washeni uonyeshaji wa herufi hizo. Fanyeni leo kabla hamjalala.

Na video inayofunguka ikakuambia "ili uone, pakua kodeki hii hapa"? Usipakue. Huo ni mchezo wa zamani. Kirusi kilichoitwa Zlob kilikuwa kikienea kwa mtindo huo tangu mwaka 2005, na wajukuu zake bado wanazunguka. Hata mahali pazuri paweza kuchafuka. Mei 2017, HandBrake, programu njema ya kubadili video ninayoitumia mpaka leo, seva yake mojawapo ilivamiwa na kwa siku chache waliopakua toleo la Mac kutoka seva hiyo walipata kirusi. Wenyewe walitangaza wazi. Nawatajia ili mwone kwamba tahadhari si ushamba.

Kuna jingine linalofanana, ingawa halina kirusi: kunakili nusu. Kamera za AVCHD, mfumo wa Sony na Panasonic wa mwaka 2006, zinaweka video kwenye folda ndani ya folda: PRIVATE, AVCHD, BDMV, STREAM. Mtu anachukua faili moja la MTS analoliona, anaacha mengine, halafu anashangaa mahubiri yamekatika katikati ya sentensi. Kadi za SD za GB 4 mpaka 32 zinatumia mfumo wa FAT32, usioruhusu faili moja kufika GB 4, kwa hiyo kamera inakatakata rekodi ndefu. Nakilini folda yote kama ilivyo. DVD vivyo hivyo, chukueni folda ya VIDEO_TS nzima.

Sasa tujisemeshe sisi wenyewe. Nani anawapelekea wateja mafaili yasiyocheza? Si sisi?

Mzee mmoja alitoka Turiani mpaka mjini na flashi, nauli yake mwenyewe, kwa sababu televisheni yake haikuiona kabisa. Flashi ilikuwa nzima na video ilikuwa nzima. Aliyemtengenezea alikuwa ameifomati kwa mfumo wa NTFS ili faili moja la GB 9 lienee, na televisheni ya mzee inasoma FAT32 peke yake. Mhariri alilicheza kwenye kompyuta yake, likacheza, akaona kazi imekwisha.

Kwa mteja msiyejua ana chombo gani, toeni hivi: kasha MP4, picha H.264 ya biti 8, Full HD, sauti AAC. Flashi FAT32. Video ikatwe kwa sura, kanisani au msikitini, ukumbini, zawadi, kila sura chini ya GB 4. Anayetaka 4K mpeni 4K ya ziada. Na akitaka kwa WhatsApp, mtumieni kama hati, siyo kama video. Tangu mwaka 2022 inapokea hati mpaka GB 2, na haiikandamizi. Mafaili yenu ya asili wekeni kwenye diski mbili, na mkae miezi kadhaa kabla ya kuyafuta.

Nilikuwa nimefika mwisho, lakini dada pale nyuma amenyoosha mkono tangu tulipokuwa kwenye kipaimara. Anauliza: kadi ameshaifomati ndani ya kamera jana, kisha ndipo akagundua hakunakili. Je, kuna kitu?

Dada, inategemea umefanya nini baada ya kufomati. Fomati ya haraka inafuta orodha, picha zinabaki chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kama hujarekodi tena, PhotoRec ina nafasi nzuri, ingawa video ndefu zinaweza kutoka vipande. Kama ulichagua ile fomati ya kina ambayo baadhi ya kamera zinayo, nafasi inapungua sana, sitakudanganya. Kama ulipiga kazi nyingine juu yake leo asubuhi, tutaona kilichosalia.

Hujapiga? Kadi unayo hapo? Sukuma kiswichi chini, usiirudishe kwenye kamera, ilete hapa mbele. Mwenyekiti, naomba ile meza na extension.